Naomba ushauri: mwanangu anaiita ming'oko chakula cha maskini

Mama wa Watoto Wawili, Mtwara Mjini

Ndugu zangu, habari za jioni. Nina mtoto wa kiume wa miaka 8 na wa kike wa miaka 3, na jambo linalonisumbua linamhusu huyu mkubwa. Juma lililopita shangazi yake alikuja kutoka Newala na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, nikaichemsha kwa chumvi kama tulivyolelewa, nikaiandaa na pilipili pembeni. Mtoto akaisukuma sahani na kusema mbele ya mgeni kwamba hicho ni chakula cha maskini, yeye anataka chipsi mayai. Shangazi hakujibu, alimenya wake akala, lakini niliona kuwa ameumia.

Nimejiuliza maneno hayo ameyatoa wapi, na nisipojidanganya, ameyatoa humu humu nyumbani. Tangu tulipoanza kupata fedha nzuri za korosho, mbaazi na kisamvu tunavipika siku mfuko ukiwa mtupu tu, na mimi mwenyewe nimewahi kusema watoto wakisikia, "Leo tutakula muhogo, hali si nzuri." Kila asubuhi ninampa shilingi 500, naye hununua langoni mwa shule barafu za rangi na ubuyu uliokolezwa sukari, kisha hurudi hana hamu ya kula. Nifanye nini ili ale vizuri bila kumchapa wala kumhonga kwa soda?

Bibi wa Tandahimba

Pole, mwanangu. Nusu ya jibu umeitoa mwenyewe. Mtoto huangalia chakula tunakipika siku gani na tunakiandaa kwa uso gani, na hayo humwingia kuliko maelezo yetu. Mbaazi usiziweke kwa siku ya dhiki. Zipike Ijumaa, zipike siku ya mgeni, kwa tui zito la nazi, na uzipakue katika vyombo vyako vizuri.

Wajukuu wangu walikuwa wakikataa majani ya kunde. Walipokuja likizo niliwachukua shambani wakachuma wenyewe, wakachambua, wakanisaidia kukuna nazi, na jioni kila mmoja alidai kuwa yake ndiyo iliyokolea. Ming'oko nayo mpeleke akaone inavyotafutwa porini, namna mzee anavyoufuata mtambaa mwembamba hadi shinani ndipo aanze kuchimba. Mtoto akishika jembe mwenyewe, hicho kikapu atakibeba hadi nyumbani.

Muuguzi, Masasi

Dada, ninakushukuru kwa kusema ukweli wa nyumbani kwako. Ninaanza na soda. Chupa ya mililita 350 mara nyingi huwa na sukari ya gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko vidogo 9, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku nzima. Kwa mtoto wa umri huo, chupa moja inakaribia kukimaliza kiwango hicho. Usiipige marufuku kwa kishindo, kwa maana utaipandisha thamani. Acha tu kuifanya zawadi ya kumaliza chakula, kwa sababu hapo unamfundisha kwamba mboga ni adhabu na soda ndiyo tuzo.

Madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi, kunde na mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi mtoto akila pamoja na kitu chenye vitamini C, na hufyonzwa vibaya akinywa chai ya rangi papo hapo. Kamua ndimu au limau juu ya mboga, na msimu ukifika mpe bibo, tunda la mkorosho. Inanisikitisha kila mwaka kuona tunachukua korosho na kuyaacha mabibo yaoze chini ya miti, au yaishie kwenye uraka, pombe ya mabibo, wakati tunda lile lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Ule ukakasi wake hupungua juisi ikichanganywa na uji wa mchele kidogo, ikatulia na kuchujwa. Huyo mdogo wa miaka 3 usimpe korosho nzima, kwa sababu inaweza kumpalia. Zisage uzitie kwenye uji.

Akikataa chakula, usimlazimishe. Kiweke kidogo tena siku nyingine, kwa sababu watoto wengi hukikubali chakula baada ya kukionja mara 8 hadi 15, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

Baba wa Lindi

Ninaunga mkono yote hayo, ila ninaomba tusimwambie mtoto kwamba kila cha asili kinatosha. Mimi nimekua kwa ugali wa muhogo na chumvi, na neno "maskini" halikuwa uongo kwetu. Muhogo una wanga mwingi na protini kidogo mno, kwa hiyo heshima yake iende na kitoweo: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, kibua, choroko, au yai kutoka bandani. Pia afundishwe kwamba muhogo mchungu humenywa, ukalowekwa na kukaushwa vyema kabla ya kuliwa, na kwamba kisamvu hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, kwa sababu vina sumu inayopungua kwa kazi hiyo. Ile shilingi 500 nenda naye sokoni mkanunue ndizi au embe za wiki nzima, na achague yeye.

Mama wa Watoto Wawili, Mtwara Mjini

Nimewasoma wote, na bibi yangu wa Tandahimba umenigusa. Jana ilikuwa Ijumaa, nikapika mbaazi za nazi na dagaa wa kukaanga, nikazipakua katika sahani za sikukuu. Alikula mbaazi zote na kuwaacha dagaa, nami sikumwambia neno. Nitawaweka tena Jumatatu na ndimu. Shangazi nimempigia simu kumwomba radhi. Mwisho wa mwezi tunakwenda kwake kuchimba ming'oko, na mtoto ameshauliza kama atapata jembe lake mwenyewe.