Msukosuko wa uga sumaku na miale ya kosmiki: mbona takwimu za saa na za mwezi hazisemi jambo moja?

Mdadisi wa Ubungo
Ndugu wanajukwaa, nimelinganisha idadi ya nyutroni zinazozalishwa na miale ya kosmiki (chembe zenye nishati kubwa kutoka anga za mbali) inapogonga hewa, na kuhesabiwa katika kituo cha Hermanus, Afrika Kusini, na vipimo vya uga sumaku vya chombo cha anga cha ACE, nikichukua kiasi ambacho uga huyumba ndani ya kila saa kuwa kipimo cha msukosuko. Kwa wastani wa mwezi uhusiano uko wazi: msukosuko ukizidi, miale hupungua. Kwa saa moja moja, karibu unatoweka. Je, ndivyo inavyotarajiwa?

Mwalimu wa Fizikia, Temeke
Ndivyo, ndugu yangu. Chembe hupotoshwa njia hasa na mawimbi ya uga ambayo ukubwa wake unawiana na mzunguko wa chembe yenyewe. Protoni yenye nishati ya GeV 1 (elektronivolti bilioni moja), katika uga wa nanotesla 5 ambao ni wa kawaida karibu na Dunia, huzunguka kwa nusukipenyo cha takriban kilomita milioni 1.1, yaani karibu mara tatu ya umbali wa kutoka hapa hadi Mwezini. Wimbi linalooana nayo lina urefu wa kilomita milioni 7 hivi, na kwa kuwa upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe utokao kwenye Jua na kuubeba uga huo, huvuma kwa takriban kilomita 400 kwa sekunde, huchukua karibu saa tano kukipita chombo. Tena Hermanus hupokea chembe za kuanzia jigavolti 4 na nusu hivi (kipimo cha ugumu wa kuipinda njia ya chembe kwa uga), ambazo mawimbi yake ni makubwa zaidi. Kwa hiyo unachokipima ndani ya saa moja ni viwimbi ambavyo chembe hizo hazivijali. Kwa mwezi uhusiano unaonekana kwa sababu msukosuko mdogo na mkubwa hupanda na kushuka pamoja.

Mkazi wa Kigamboni
Naafikiana na Mwalimu, ila kuna jambo zito zaidi. ACE hupima nukta moja tu, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ilhali miale imepita katika eneo lote linalotawaliwa na upepo wa jua, ambao huchukua zaidi ya mwaka kufika ukingoni. Ni sawa na kutaka kueleza uchache wa abiria wanaoshuka Kariakoo kwa kutazama foleni ya Magomeni peke yake. Ndiyo maana miale huchelewa kwa miezi kadhaa kuufuata mzunguko wa madoa ya jua.

Halafu, usiuhukumu msukosuko peke yake. Uga ukiwa na nguvu, kwa kawaida msukosuko nao huwa mkubwa. Mwaka 2009 vyote viwili vilikuwa hafifu na miale ikafikia kiwango cha juu mno. Chagua vipindi vyenye nguvu ya uga inayolingana, kisha uangalie kama msukosuko bado una athari.

Mdadisi wa Ubungo
Ahsanteni sana. Basi hakuna nafasi kabisa ya kutumia takwimu za saa?

Mwalimu wa Fizikia, Temeke
Ipo, katika mishuko ya ghafla ya miale aliyoieleza mwanafizikia Scott Forbush mwaka 1937. Wimbi la mshtuko kutoka kwenye Jua linapopita, nyuma yake huja uga uliovurugika, na hesabu ya nyutroni hushuka ndani ya saa chache. Anza na matukio hayo, lakini kwanza ondoa mpando na mshuko wa kila siku unaotokana na Dunia kujizungusha, kwani mshuko mdogo hufichwa nao kwa urahisi.