Iceland mwishoni mwa Julai: tuizunguke nchi yote kwa gari au tutulie upande wa kusini?

Mpwani Ughaibuni

Salaam kwenu nyote. Familia yangu imekusudia kwenda Iceland kiangazi hiki, na nauli ya punguzo niliyoipata mwisho wake ni Jumapili usiku, kwa hiyo naomba ushauri wenu kabla sijalipa. Mpaka sasa nayumba kati ya njia tatu. Ya kwanza ni kukodi gari na kuizunguka nchi nzima kwa Barabara Namba 1. Ya pili ni kupanga nyumba moja upande wa kusini, tukawa tunatoka asubuhi na kurudi jioni. Ya tatu ni kukodi gari lenye vitanda na jiko ndani, ili tulale popote patakapotupendeza. Bajeti yetu si kubwa wala si ya kubana sana. Nyinyi mngechagua ipi?

Dereva wa Zamani

Ndugu Mpwani, ni vigumu kukujibu kwa maelezo hayo. Hukusema mko wangapi, mtakaa siku ngapi, mnaondokea wapi, wala mnasafiria pasipoti za nchi gani. Kama mnatoka Dar es Salaam au Mombasa, hesabu ya viza na ya ndege za kuunganisha ni tofauti kabisa, na dereva wenu itambidi azoee kuendesha upande wa kulia wa barabara. Kama mna watoto, sheria ya huko inataka kila mtoto aliye chini ya sentimita 135 awe na kiti chake maalumu, na viti hivyo hupunguza nafasi ya mizigo.

Hilo la kulala popote liondoe kabisa katika fikra zako. Tangu mwaka 2015 hairuhusiwi kulala ndani ya gari la namna hiyo kando ya barabara au kwenye maegesho ya maporomoko. Unatakiwa uingie kambi rasmi na ulipe, na kambi hizo zipo karibu kila mji.

Mwalimu wa Jiografia

Mimi sihitaji maelezo zaidi ili nipendekeze njia ya kwanza. Ni barabara ya kilomita 1,322 hivi, ambayo duara lake lilikamilika mwaka 1974 tu, pale madaraja yalipovushwa juu ya mito inayotoka kwenye barafu katika uwanda wa mchanga wa Skeiðarársandur. Kabla ya hapo, mtu wa kusini-mashariki aliyetaka kwenda Reykjavík kwa gari alilazimika kuzungukia kaskazini. Atakayeishia kusini hataiona Goðafoss, poromoko la maji la kaskazini, wala ardhi inayotoa mvuke karibu na ziwa Mývatn, wala poromoko la Dettifoss, wala nyangumi wa ghuba ya Húsavík. Isitoshe, mara nyingi mvua inaponyesha kusini, kaskazini huwa kumekauka na jua linawaka, kwa hiyo anayezunguka ana nafasi nzuri zaidi ya kuikuta hali njema ya hewa mahali fulani.

Mpwani Ughaibuni

Ahsanteni, na haya ndiyo niliyoyaacha. Tunaishi Malmö, kwa hiyo tutavuka daraja kwa treni na kupanda ndege Kastrup, uwanja wa Copenhagen. Tutakuwa watu watano: mimi, mke wangu, watoto wa miaka minane na mitano, na mama yangu mzazi ambaye atakuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Tumepanga usiku tisa, wiki ya mwisho ya Julai na siku za mwanzo za Agosti. Mama ana viza ya Schengen, ule ukanda wa nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, iliyotolewa na Uswidi, ya kuingia mara moja. Goti lake moja linamsumbua, hivyo anatembea taratibu na hapendi ngazi.

Kisiwa Baridi

Mimi naishi Reykjavík, na hilo la mama lilistahili kuwa sentensi yako ya kwanza. Viza isikutie hofu, kwani Iceland si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen tangu mwaka 2001, na kutoka Denmark kuja huku hahesabiwi kuwa ametoka nje. Chukua bima yake ya safari na nakala ya mwaliko, na inatosha.

Kwa goti hilo na watoto hao, ningechagua njia ya pili bila kusita. Pangeni nyumba yenye jiko karibu na mji wa Selfoss au wa Hella, upande wa kusini. Mkienda kwa gari kutoka hapo, Geysir, penye chemchemi za moto, ni matembezi mafupi kutoka maegeshoni, na chemchemi ya Strokkur hurusha maji yake ya moto kila baada ya dakika tano hadi kumi, kwa hiyo mama hatachoka kusubiri. Poromoko la Gullfoss huonekana vizuri kutoka kwenye jukwaa la juu bila kushuka ngazi. Þingvellir, mahali ambapo bunge lao la Althing lilianza kukutana mwaka 930, pana njia iliyotengenezwa inayoteremka katikati ya kuta mbili za miamba, na mtu anaweza kugeuka akichoka. Poromoko la Seljalandsfoss utaliona hata ukiwa umekaa ndani ya gari.

Siku moja iachieni kisiwa cha Heimaey. Feri ya Herjólfur inayotoka Landeyjahöfn huchukua chini ya saa moja, na wiki hiyo ndege wale wenye midomo ya rangi, wanaoitwa lundi, wanakuwa bado hawajarudi baharini. Mtaona pia nyumba zilizofukiwa na majivu ya mlipuko wa mwaka 1973. Lakini wahini feri mapema, na muikwepe wikendi ya kabla ya Jumatatu ya kwanza ya Agosti, kwa sababu kisiwa hicho hufurika vijana wanaokwenda kwenye tamasha lao la kila mwaka.

Mwalimu wa Jiografia

Kwa heshima zote, ushauri wa Kisiwa Baridi unamnyima bibi nusu ya nchi kwa sababu ya goti. Anayekaa ndani ya gari hatembei. Kilomita 1,322 ukizigawa kwa siku nane ni chini ya 170 kwa siku, na huko Tanga watu husafiri zaidi ya hizo kwa basi na kurudi siku hiyo hiyo.

Kisiwa Baridi

Mwalimu, hesabu yako ni ya barabara tupu. Hapo hujaweka kilomita hamsini kati ya uwanja wa ndege wa Keflavík na Reykjavík, wala michepuko ya kuingia kwenye vivutio vyenyewe, wala kufungasha mizigo ya watu watano kila asubuhi. Mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe, na kuna madaraja ya njia moja ambako unangoja mwenzako apite. Mashariki kuna siku nzima ya kona za fyodi, yaani ghuba nyembamba zinazoingia ndani ya nchi. Watoto wa umri huo watakuwa wanagombana kabla ya kufika mji wa Höfn.

Bint Vanga

Nami niongeze njia ya nne. Kwa kuwa mnaishi Malmö, mngeweza kuendesha gari lenu mpaka Hirtshals, kaskazini mwa Denmark, na kupanda meli ya Norröna inayopitia Tórshavn na kuwashusha Seyðisfjörður. Mtakuwa na gari lenu wenyewe na viti vya watoto vilivyokwisha fungwa, na mnaweza kuteremka Visiwa vya Faroe mkajionea. Ndiyo safari niliyoipenda kuliko zote Ulaya.

Dereva wa Zamani

Dada yangu, hapo pana mtego. Visiwa vya Faroe viko chini ya ufalme wa Denmark lakini havimo katika Schengen, na viza ya kawaida ya Schengen haimpi mama ruhusa ya kuteremka huko isipokuwa imeandikwa waziwazi kwamba inafaa kwa Faroe. Zaidi ya hayo, usiku wanaolala melini kwenda na kurudi utakula sehemu kubwa ya likizo yao. Meli hiyo inamfaa mtu mwenye mwezi mzima.

Fundi Seremala

Nimewasoma wote na sijaona aliyetaja upepo. Naomba mnivumilie, kwa maana jambo hili lilitugharimu.

Tulikodi gari dogo kwa kampuni ambayo sitaitaja, na bima tuliyoandikiwa dirishani tuliambiwa ni kamili. Siku ya pili tulipanda Dyrhólaey, ule mwamba ulio juu ya bahari karibu na Vík. Jua lilikuwa linawaka na nyasi zimelala kama zimechanwa kwa kitana. Niliegesha nyuma ya gari ikielekea upepo unakotoka. Shemeji yangu alivuta kitasa, na kabla hajatoa mguu, mlango ulimponyoka mkononi ukafunguka mpaka ukagonga ubavu wa mbele wa gari. Bawaba zilipinda, na mlango ukakataa kufunga kwa sentimita kama nne. Tuliufunga kwa mkanda wa begi, tukaupitisha ndani na kuukaza kwenye kiti, na shemeji akaushikilia kwa mikono miwili njia nzima mpaka Vík huku baridi ikimpiga usoni.

Tulipopiga simu, tuliambiwa kwamba mlango uliovunjwa na upepo haumo katika bima yoyote tuliyolipia, na kweli ilikuwa imeandikwa hivyo katika ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, pamoja na mchanga, majivu, uvungu wa gari na maji ya mito. Fedha zilikatwa kwenye kadi kabla hatujafika uwanjani, nazo zilizidi kodi yote ya gari. Kwa hiyo, ndugu Mpwani, utakapochagua gari, usilinganishe bei za siku peke yake. Linganisha pia orodha ya yale ambayo bima haiyalipi. Egesha pua ya gari ikiutazama upepo, na mlango wa bibi ufunguliwe na mtu mzima kutoka nje.

Dereva wa Zamani

Hapo kwenye maji ya mito watu wengi huumia. Barabara ambazo namba yake hutanguliwa na herufi F, kama zile za kwenda Landmannalaugar, ni halali kwa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne tu. Hata ukiwa na gari hilo, ukizimikiwa mtoni gharama ni yako. Kama mama anataka kuiona milima ile yenye rangi, pandeni basi la nyanda za juu, na shida za mito abaki nazo dereva wake.

Bint Vanga

Swali jingine la muhimu ni la ibada. Bi mkubwa atauliza Isha ni saa ngapi. Mwishoni mwa Juni jua la Reykjavík huzama baada ya saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa. Wiki mtakayokwenda litakuwa linazama karibu saa tano kasoro usiku na kuchomoza kama saa kumi na nusu, na katikati yake giza kamili halipatikani.

Kisiwa Baridi

Waislamu wa hapa wanafuata ratiba za misikiti yao, ambazo hazilingani zote, kwa sababu wengine hukadiria kwa mji mwingine. Kwa msafiri jambo ni jepesi zaidi, kwani anaweza kukusuru, yaani kupunguza rakaa, na kuikusanya Isha pamoja na Magharibi, kisha akalala. Leteni vitambaa vizito vya kuziba madirisha, maana watoto hawatakubali kwamba ni usiku.

Kuhusu chakula, samaki ni wa uhakika na maduka ya Bónus ni ya bei nafuu. Muwe macho na soseji za mkate zinazouzwa kila kituo cha mafuta, kwa kuwa wauzaji husifia nyama ya kondoo iliyomo, ilhali kwa kawaida huchanganywa na ya nguruwe. Maji ya baridi ya bomba ni matamu kuliko ya chupa. Ya moto yana harufu ya yai viza, lakini hayadhuru.

Fundi Seremala

Na mabwawa ya kuogelea? Kila mji unalo la maji ya moto ya ardhini, nalo ni dawa ya goti. Ila kabla ya kuingia lazima uoge kwa sabuni ukiwa huna nguo, mbele ya wenzako wa jinsia yako, na wasimamizi hawalegezi.

Bint Vanga

Fundi, mama wa Kitanga hutamweleza hilo ukamaliza sentensi. Baadhi ya mabwawa yana vyumba vya faragha vya kuogea, kwa hiyo mke wa ndugu yetu apige simu kuuliza mapema, yeye na si wewe.

Mwalimu wa Jiografia

Narudi kwenye barabara. Kama kuzunguka kote ni kuzito, basi gawanyeni: usiku sita kusini na mitatu Akureyri. Ni kilomita 388 hivi kutoka Reykjavík, lami mwanzo hadi mwisho, na kutoka Akureyri mpaka Goðafoss ni mwendo mfupi tu.

Mpwani Ughaibuni

Nawashukuru kwa dhati. Gari lenye vitanda tumelifuta, na meli tumeifuta kwa ajili ya viza. Nimeshika nyumba karibu na Hella ambayo naweza kuighairi bila malipo, na nimewaandikia wakodishaji wawili wanitumie masharti yote ya bima kwa maandishi. Mmoja amejibu, na upepo haumo. Hilo la Akureyri mke wangu analitaka na mama amesema tuamue wenyewe, ingawa ameuliza mara mbili kama nyangumi wanaonekana kutoka nchi kavu. Je, barafu zinazoelea katika ziwa la Jökulsárlón tunaweza kuziwahi kutoka Hella na kurudi siku hiyo hiyo?

Kisiwa Baridi

Inawezekana, lakini ni zaidi ya kilomita 270 kwenda peke yake. Afadhali mlale usiku mmoja upande wa Skaftafell. Maegesho ya Jökulsárlón yapo ukingoni mwa ziwa kabisa, kwa hiyo mama hatatembea. Mkipita ufuko wa Reynisfjara, watoto wasiachiwe mikono na msisogelee maji, maana mawimbi ya pale yamekwisha kuua watu, na taa iliyo kwenye njia ya kushukia ikiwa nyekundu mbaki juu.

Dereva wa Zamani

Na mkiamua Akureyri, handaki la upande wa Goðafoss lina ushuru unaolipwa mtandaoni. Usipolipa kwa wakati, mkodishaji atakukata pamoja na ada yake. Hujasema bado gari lina viti vingapi.

Mpwani Ughaibuni

Vitano. Mabegi ndiyo sijayapima.