Naomba ushauri: mazungumzo ya chini ndani ya treni

Wakuu, naombeni ushauri wa sauti. Ni filamu fupi ya dakika 12: mama mjane na kijana fundi saa, hawajuani, wanakutana usiku ndani ya treni ya TAZARA. Vyumba vya kulala hutenganisha wanawake na wanaume msipokata tiketi za chumba kizima, kwa hiyo wanakutana behewa la mgahawa. Hapo ndipo penye tabu.

Wanaongea chinichini, ngurumo ya magurudumu inameza maneno. Maiki ya kubana kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, inanasa msuguano wa kitenge. Kukata sauti nzito, zile za chini ya hezi 80, kunapunguza ngurumo tu. Mlio wa vyuma uko masafa yale yale ya sauti ya mtu.

Kurekodi upya studio nakuogopa. Penye kimya mtu hakazi sauti, ukiweka ngurumo chini yake inasikika imebandikwa. Tena mama anaposogeza kikombe cha chai upande wa kijana bila kusema neno, pumzi yake ndiyo tukio lenyewe.

Je, turekodi treni ikiwa imesimama, waigizaji wakisikia ngurumo kwenye spika za masikioni?