Naomba ushauri: mtu wa Dar nataka kukimbia marathoni ya kwanza Nairobi

Wakuu, habari zenu. Nina miaka 38 na nimejipa ujasiri wa kukimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza, tena Nairobi. Mazoezi nafanyia Dar: alfajiri natoka Masaki, navuka Daraja la Tanzanite, nageuzia mjini. Mbali zaidi nimefika kilomita 28, na hapo miguu ilikuwa kama ya kuazima.

Umbali haunitishi sana. Shida ni mwinuko. Sisi tuko usawa wa bahari, Nairobi iko juu kama mita 1,700. Mwaka jana nilienda kikazi, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu tu, nikahema mpaka mlinzi akaniletea kiti!

Sasa nifike siku ngapi kabla? Mmoja kaniambia niingie jioni ya kuamkia mbio, mwingine wiki mbili, na likizo yangu ni siku tano. Kasi je? Hapa nakwenda dakika 7 kwa kilomita. Kule nipunguze kiasi gani?

Waliotoka pwani ndio nawasubiri hasa. Ndugu zangu wa Iten, ule mji wa wakimbiaji kule Kenya, mtanisamehe, nyie mmezaliwa huko huko juu.