Mshauri wa shule anataka kuonana na mwanangu peke yake: nikubali?

Mama wa Majengo: Ndugu zangu, mwanangu ana miaka minane, anasoma mwaka wa tatu wa shule ya msingi hapa Goma. Tangu muhula huu uanze hajibu maswali darasani, kila asubuhi analalamika tumbo ingawa zahanati haikuona ugonjwa, na amerudia kukojoa kitandani. Mshauri wa shule ameomba kuonana naye kila juma, mimi nisiwepo. Sipendi mtu wa nje achimbue mambo ya nyumba yangu. Je, ninaweza kukataa?

Baba Mapacha: Unaweza, mama, mtoto ni wako. Sisi mshauri wetu alikuwa fimbo ya babu, na tumbo lilipona kabla ya kengele.

Bibi wa Keshero: Usimsikilize huyo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, kisha tukaamriwa kuhama tukaelekea Sake, mjukuu wangu alilala na viatu mguuni muda mrefu hata baada ya kurudi. Mwalimu wake alimwacha achore mlima kila siku, bila kumuuliza neno, mpaka akaanza kuchora vitu vingine.

Mwalimu Mstaafu: Mshauri wa shule hatibu, mama. Humsikiliza mtoto, humwacha acheze au achore, na anayoambiwa huyahifadhi, isipokuwa mtoto akiwa hatarini. Lakini tumbo la namna hiyo lina chanzo. Ni nini kilitokea nyumbani kabla ya muhula?

Mama wa Majengo: Kwa kuwa mnanibana: baba yake alifariki wakati wa likizo. Mtoto tumemwambia kwamba baba amekwenda Kampala kununua bidhaa. Mshauri anataka nimweleze ukweli kabla hajausikia kwa wengine. Nimeshapata nafasi katika shule ya kulipia huko Himbi, ambako hakuna anayetufahamu, na fedha za kwanza nimetoa. Msinihukumu; mtoto wa umri huo hawezi kubeba msiba.

Shemasi: Uongo ni dhambi, hata ukisemwa kwa huruma. Mlete kwenye maombi.

Mwalimu Mstaafu: Pole sana, mama. Watoto wengi wa miaka minane wameshaelewa kwamba aliyekufa harudi. Anayeambiwa baba amesafiri humngoja, na asipomwona huweza kudhani kwamba amekimbiwa kwa kosa lake. Mwambie "amekufa", wala usiseme "amelala", maana wapo wanaoanza kuogopa usingizi.

Mtilia Shaka: Ninaomba kutofautiana. Nimefundisha shule za msingi mjini humu, na tangu masomo yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019 madarasa yamefurika. Ni mshauri gani huyo mwenye nafasi ya kukaa na mtoto mmoja kila juma? Tena kilio kilifanyikaje bila mtoto kujua? Nadhani hadithi hii imetungwa na mtu wa shirika anayetafuta maoni yetu.

Mama wa Majengo: Kilio kilikuwa Bukavu, kwa ndugu za marehemu, mtoto alibaki kwa dada yangu. Mshauri mwenyewe ni mwalimu wa mwaka wa tano aliyepewa mafunzo na shirika moja, naye huwaona watoto katika stoo ya vitabu baada ya masomo. Ningetunga, ningejitungia mume aliye hai.

Mtilia Shaka: Niwie radhi, mama. Hata hivyo, mwalimu anayetoa alama atakuwaje pia msiri wa watoto? Leo anakusikiliza, kesho anakuadhibu kwa kuchelewa.

Mwalimu Mstaafu: Swali hilo ni la haki, ila mtoto huyu hayumo darasani mwake. Mama, muulize daftari lake la kumbukumbu linasomwa na nani, na kama mlango wa stoo hubaki wazi.

Mama wa Majengo: Jana mtoto alimuuliza dada yangu kwa nini simu ya baba iko kwa mjomba. Jumamosi mjomba atakuja, tutamwambia pamoja. Lakini Himbi atakwenda.

Baba Mapacha: Fedha za shule hazirudi, hapo ninakuelewa.

Mwalimu Mstaafu: Basi kabla hajahama, akutane na mshauri huyo walau kwa kuagana, na mwalimu mpya wa Himbi umweleze msiba siku ya kwanza, wewe mwenyewe, mtoto akiwa hayupo.