Hilux D-4D 3.0 au Navara 2.5, zote za mazutu (dizeli) na zote zina ugonjwa wa moteri: nichukue ipi?

Shamba_Kipushi
Jambo wote. Nina pesa mkononi na wiki hii lazima niamue. Kuna pikapu mbili za mazutu hapa Lubumbashi. Ya kwanza ni Hilux 3.0 D-4D ya 2007, bei dola 11,500. Ya pili ni Navara 2.5 ya 2008, dola 7,800. Wenyewe hawakuficha: Hilux inagonga asubuhi halafu inanyamaza, Navara inalia mbele ya moteri kama mnyororo unaoburutwa. Nichukue ipi? Asanteni.

Fundi_Katuba
Yaya, unaomba dawa bila kumleta mgonjwa. Zimetembea kilomita ngapi? Usukani uko upande gani? Utabeba nini, kilo ngapi, barabara gani? Mazutu utanunua stesheni au kwenye bidoni za kandokando ya barabara? Bila majibu hayo kila mtu hapa atakupa gari analolipenda yeye.

Mpenzi_wa_5L
Achana na zote mbili. Tafuta Hilux yenye moteri ya 5L. Haina kompyuta, haina turbo, pampu ni ya kizamani, na fundi wa kijiji chochote anaifungua. Haikimbii, ni kweli. Mlimani ukiwa na mzigo utapitwa hata na Fuso. Lakini utafika.

Dereva_Kolwezi
Kila uzi ni 5L, 5L. Mkubwa, 5L nzima unaipata wapi leo? Zilizobaki zimechoka kuliko hiyo Navara. Mimi ninaendesha Navara kati ya Lubumbashi na Kolwezi, inavuta vizuri na kiti chake hakiuvunji mgongo. Shida ni cheni ya taimingi tu. Za mwanzo, kama hiyo ya 2008, cheni ya juu ina safu moja. Inalegea, inakula kile kipande kinachoikaza, na siku ikikatika valvu zinapiga pistoni. Dawa yake ni kuweka cheni ya safu mbili, na ukishaiweka unaisahau.

Fundi_Katuba
Husahau kitu. Lakini la cheni umesema kweli. Navara ikishaanza kulia usiiwashe tena kwenda kutembea, wala kumwonyesha mke nyumbani. Ivutwe kwa kamba hadi garaji.

MamaSamaki_Luapula
Ndugu Shamba, nisikilize mimi, maana pesa yangu imezikwa ndani ya Hilux kama hiyo. Ninachukua samaki Kasenga na kuwauza hapa mjini. Aliyeniuzia alisema ile sauti ya asubuhi ni baridi ya Juni tu, gari likipata joto linanyamaza. Kweli lilikuwa linanyamaza. Miezi 4 nilifanya kazi nalo bila neno.

Siku ya vidanji (kubadilisha oili) kijana wa garaji aliniita nione oili: nyeusi, nzito, inashuka polepole kama asali iliyoungua. Nilikuwa na haraka ya safari. Nikamwambia weka mpya, funga, twende.

Safari ya mwisho tulitoka Kasenga saa kumi alfajiri tukiwa na masanduku 14 ya samaki na barafu. Kwenye kona taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima. Kona nyingine ikawaka tena. Dereva akasema ni waya. Kilomita chache mbele nikasikia kama nyundo juu ya bati, kisha gari likazima lenyewe katikati ya pori. Tulikaa pale hadi jioni. Maji ya barafu yalikuwa yanadondoka nyuma ya gari na kuchimba vishimo kwenye vumbi jekundu, mimi ninayatazama. Samaki niliowaokoa niliwauza kijijini kwa bei ya kugawa.

Fundi alipofungua beseni la oili chini ya moteri alinionyesha chujio. Lilikuwa limezibwa na masizi magumu kama ukoko wa bukari (ugali) chini ya sufuria, anayakwangua kwa bisibisi. Oili ilikuwepo, tena ya kutosha, lakini haikuweza kupanda. Beringi za krenki zote zilikuwa zimekwisha. Moteri nyingine ilinigharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia gari. Kwa hiyo mtu akiniambia "inagonga kidogo", tumbo linanikata.

Fundi_Katuba
Pole sana mama. Wengine msiopita garajini, msome hapo mara mbili, maana huo ndio ugonjwa wa 1KD, yaani moteri ya hiyo Hilux 3.0 D-4D. Chini ya kila injekta kuna washa ndogo ya shaba. Ikishindwa kuziba, moshi wa mlipuko unapenya juu ya kichwa cha moteri na kuingia kwenye oili. Oili inageuka lami, lami inaziba chujio. Toyota yenyewe ilikuja kubadilisha washa hizo. Ubaya wa pili ni injekta inayomwaga mazutu kupita kiasi: pistoni inapasuka, na kabla ya kupasuka unasikia kugonga kulekule kwa asubuhi.

Shamba, bado hujajibu maswali.

Shamba_Kipushi
Samahani, mtandao ulikatika. Hilux inaonyesha kilomita 138,000, usukani kuume, mwenyewe anasema imetoka Japani moja kwa moja kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Navara 243,000, usukani kushoto. Nitabeba mahindi kutoka shambani upande wa Kipushi hadi soko la komini ya Kenya hapa Lubumbashi, mifuko 25 ya kilo 50, mara 3 kwa wiki. Wakati mwingine makala (mkaa). Mazutu nitanunua popote yanapopatikana.

Kasumbalesa_Daima
Hapo kwenye "Japani moja kwa moja" simama kwanza. Toyota haikuuza Hilux nchini Japani kuanzia 2004 hadi 2017. Hilux ya 2007 yenye usukani kuume inaweza kuwa imetoka Afrika Kusini, Thailand, Uingereza au Australia, Japani hapana. Inaweza kuwa imepita Dar, hilo silikatai. Lakini mtu asiyejua gari lake limetoka wapi, au anayejua na anakuambia vingine, hizo 138,000 zake unaziamini vipi?

Fundi_Katuba
Asante kwa hilo. Mkanda wa taimingi wa 1KD unabadilishwa kwenye 150,000, na taa yake inawaka kwenye dashibodi. Uliza kama umeshabadilishwa. Akisema ndiyo, basi huenda hiyo 138,000 imerudishwa nyuma.

Dereva_Kolwezi
Na usukani kuume mimi siutaki bure. Barabara ya Likasi ukiwa nyuma ya lori la madini, vumbi au mvua, lazima utoe gari zima ndipo uone mbele. Unamtegemea abiria akuambie "pita". Nimeona watu wakizikwa kwa hilo neno.

Kasumbalesa_Daima
Nina miaka 11 na usukani kuume, sijagonga hata mbuzi. Unakaa mbali na lori, unasubiri. Tena mpakani ukiingia Zambia wewe ndiye unayeona vizuri.

Dereva_Kolwezi
Yeye haendi Zambia, anakwenda Kipushi!

Kivu_Mawe
Salamu kutoka Goma. Naona mnagombana juu ya usukani na hakuna aliyepiga hesabu. Mifuko 25 mara 50 ni kilo 1,250. Pikapu hizi ni za tani moja hivi, na ndani yake kuna dereva na abiria. Mara 3 kwa wiki, hapana. Navara za umbo hili, D40, chesisi yake hujikunja nyuma ya kabini ikilemewa, na zile zilizotoka Uingereza, chumvi ya barabara za baridi imeshazila kwa ndani. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo karibu na kabini. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi.

Mimi hapa nina Mitsubishi L200 yenye moteri ya 4D56. Ina mikanda miwili ya taimingi, mmoja mdogo umejificha ndani. Mdogo ukikatika unaingia kwenye mkubwa na moteri imekwisha. Ninabadilisha yote miwili pamoja, na haijanisumbua.

Mpenzi_wa_5L
Hakuna aliyegusa mazutu "popote yanapopatikana". D-4D ni moteri ya presha kubwa, zaidi ya bar 1,000, na Navara vilevile. Bidoni moja yenye maji au mchanga inaua pampu na injekta. 5L itakohoa tu, utasafisha filta, utaondoka.

MamaSamaki_Luapula
Hapo ninakuunga mkono. Mimi sasa kila wiki ninafungua kile kikoki cha chini ya filta na kumwaga kwenye chupa ya kioo. Maji yanakaa chini, mazutu juu, unaona mstari kabisa. Mara mbili mwezi uliopita niliuona.

Fundi_Katuba
Shamba, ukienda kuona Hilux nenda mapema, moteri ikiwa baridi. Weka kiganja juu yake kabla hawajawasha. Ikiwa ya moto, wameshakuandalia, rudi nyumbani. Sikiliza inavyogonga. Ikipata joto, chomeka skana: kipimo cha kurekebisha mazutu cha kila injekta kisomeke kati ya -3 na +3 moteri ikinguruma taratibu. Kisha ifunguliwe beseni la oili uone chujio kwa macho yako. Kwa Navara, weka pembeni pesa ya cheni nzima na vikazio vyake kabla ya kuzungumza bei. Na punguza mifuko iwe 16.

Shamba_Kipushi
Nimewapigia wote. Mwenye Hilux amekubali tufungue beseni Jumamosi, mimi nilipe fundi na oili mpya. La Japani ameanza kusema labda ni Thailand. Mwenye Navara amekataa isifunguliwe kitu, ila ameshuka hadi 6,900. Hiyo 6,900 inanivuta, nisiwadanganye.

Dereva_Kolwezi
Kwa 6,900 chukua Navara, weka cheni.

MamaSamaki_Luapula
Anayekataa kufunguliwa anajua kilichomo. Jumamosi piga picha ya hilo chujio utuwekee hapa.

Mpenzi_wa_5L
Jirani yangu Ruashi ana 5L, usukani kushoto, anafikiria kuuza. Nimuulize bei?

Shamba_Kipushi
Muulize.

Kasumbalesa_Daima
Fundi, samahani kuingilia. Prado yangu yenye moteri ya 1KZ, bomba la juu la maji linakuwa gumu kama jiwe. Ni kichwa kimepasuka?

Fundi_Katuba
Gumu ikiwa ya moto, au hata asubuhi kabla hujawasha?