Ukoo wa Chumbageni 🌴: nyongo ya Zuhura

*Ijumaa*

[19:40] Mama Zuhura: Assalaam alaykum ukoo. Zuhura jana usiku kapelekwa tena dharura kule Ohio, Marekani. Mara ya tatu mwaka huu. Muombeeni dua mwenzenu.

[19:41] Mjomba Hamza: Waalaykum salaam. Ni lile lile tumbo?

[19:41] Mama Zuhura: Ndilo.

[19:43] Rukia Muscat: Pole sana Mama. Zuhura mwenyewe si yumo humu, mbona kimya?

[19:58] Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nipo. Nilirudi alfajiri nikajilaza kidogo. Moyo wameupima, mzima. Damu safi. Nimetundikiwa dripu, nikapewa karatasi inasema "maumivu ya tumbo, chanzo hakijajulikana". Karatasi hizo sasa ninazo tatu, naweza kufungia karanga.

[20:01] Mjomba Hamza: Marahaba. Vidonda vya tumbo hivyo. Maji ya kabichi, asubuhi, kabla hujala kitu.

[20:03] Zuhura: Mjomba, kamera imeshuka mpaka tumboni, kidonda hakuna. Bakteria wa vidonda hakuna. Omeprazo nimekunywa miezi 4, sawa na kumung'unya pipi.

[20:05] Shangazi Mwanaidi: Zuhura, nieleze mimi kama unaelezea wodini. Panauma wapi, panaanza saa ngapi, panaacha vipi?

[20:11] Zuhura: Chini ya mbavu za kulia, Shangazi. Kama kuna mtu kaingiza mkono anakamua nguo. Yanapanda hadi nyuma ya bega la kulia. Yanakuja nusu saa au saa nzima baada ya kula, yanakaa saa mbili tatu, yanaondoka yakitaka. Nikikaa, nikilala, nikienda haja, ni bure. Kichefuchefu juu yake. Vya mafuta ndio balaa. Siku ya Idi nilialikwa na Wamombasa wa hapa Columbus, wali wa nazi na kuku wa kupaka. Saa sita usiku niko chini kwenye vigae vya bafuni.

[20:12] Rukia Muscat: Mawe ya nyongo hayo! Mimi ilikuwa hivyo hivyo kabla sijatolewa mfuko wa nyongo.

[20:13] Zuhura: Utrasaundi mbili, da Rukia. Jiwe hata la dawa hakuna.

[20:13] Kaka Idi: Kwa hiyo nyongo haina mawe, ina hasira tu 😂

[20:14] Mama Zuhura: Idi!

[20:20] Mjomba Hamza: *Imesambazwa mara nyingi*
SAFISHA NYONGO USIKU MMOJA‼️ Mafuta ya zeituni kikombe 1, maji ya ndimu kikombe 1. Kunywa saa nne usiku, lalia ubavu wa kulia. Asubuhi utaona MAWE YA KIJANI yanatoka. Sambaza uokoe maisha 🙏🙏

[20:22] Shangazi Mwanaidi: Hamza, futa hiyo. Mtoto kasema vya mafuta ndivyo vinamlaza chini, wewe unampa kikombe kizima. Na hayo "mawe" ya kijani ni hayo hayo mafuta na ndimu, yameganda tumboni kama sabuni. Watu wamewahi kuyapeleka maabara yakakutwa si mawe ya nyongo kabisa.

[20:23] Mjomba Hamza: Na mimi nimetumiwa tu.

[20:23] Mjomba Hamza: *Ujumbe huu umefutwa*

[20:31] Shangazi Mwanaidi: Zuhura, nunua daftari. Umekula nini, saa ngapi, maumivu yameanza lini, yameisha lini. Ukiona homa, macho manjano, mkojo kama chai ya rangi, au maumivu yamegoma kuachia, daftari weka chini kimbia hospitali. Mengine yote andika.

[20:33] Zuhura: Sawa Shangazi.

[20:34] Mjomba Hamza: Kwa wale ambao hawajatoa mchango wa arusi ya Mwanahamisi, mwisho Jumapili.

*Jumatano, wiki tatu baadaye*

[21:02] Zuhura: Majibu ya kipimo cha HIDA, kile cha kuangalia nyongo inavyojikamua, yametoka. Daktari kapiga simu: "kawaida". Kasema huenda ni msongo wa mawazo, nikaonane na mshauri. Nimelia kwenye gari mpaka mlinzi wa maegesho akagonga kioo.

[21:04] Mama Zuhura: 🎤 2:14

[21:07] Zuhura: Mama usilie na wewe.

[21:15] Salim (Mionzi): Zuhura, mambo. Nimetoka zamu sasa hivi. Hilo "kawaida" ni neno la mtu. Mimi nipe namba. Ripoti unaipata kwenye simu? Tafuta asilimia ya nyongo iliyotoka.

[21:16] Zuhura: Ngoja niingie.

[21:21] Zuhura: "94%. Kawaida: zaidi ya 38%."

[21:21] Salim (Mionzi): 94.

[21:22] Salim (Mionzi): Ile sindano ya kuukamulisha mfuko, waliisukuma kwa mara moja au kwa pampu polepole?

[21:23] Zuhura: Pampu. Saa nzima.

[21:23] Salim (Mionzi): Vizuri. Ikisukumwa haraka hata mzima anaweza kukunjwa na tumbo, kipimo kikawa hakina maana. Ulikuwa umekunywa dawa yoyote kali ya maumivu? Kodeini, tramado?

[21:24] Zuhura: Hapana, walinikataza. Na sikula toka usiku.

[21:25] Salim (Mionzi): Pampu ilipoanza ulisikia nini?

[21:27] Zuhura: Dakika ya 10 hivi yakaja. Yale yale, Salim. Ubavu, bega, kichefuchefu. Nikamwambia yule dada wa mashine "haya ndiyo", akaandika. Nilifurahi huku naumwa, kama mwizi wangu kakamatwa.

[21:28] Kaka Idi: Sisi wa biashara ya nguo tunaomba tafsiri.

[21:36] Salim (Mionzi): Idi, unamkumbuka Bibi akimtoa kuku matumbo? Kile kijifuko cha kijani alichokuwa anakiondoa taratibu kisipasuke, nyama isiwe chungu. Basi na wewe unacho, kimebandikwa chini ya ini, kinabeba mililita 30 hadi 50. Ini linatoa nyongo mchana na usiku, kijifuko kinaiweka akiba na kuikoleza. Ukila mafuta, utumbo unatoa homoni inaitwa CCK, inakiamuru kijikamue. Kwenye HIDA unachomwa dawa yenye mionzi kidogo, ini linaidaka na kuimwaga na nyongo, kamera inaifuata njia nzima. Kisha unapewa CCK ya kutengenezwa, wanahesabu kimetoka kiasi gani.

[21:40] Salim (Mionzi): Kipimo hiki kilizoeleka kuwasaka wavivu, walio chini ya 35 au 38. Anayekamua kupita kiasi hakuna anayemtafuta. Ripoti imewekewa mpaka wa chini tu, 94 imeuvuka, basi "kawaida". Sawa na kumpima mtu joto ukaandika "zaidi ya 36, mzima", kumbe ana 40.

[21:41] Rukia Muscat: Subhanallah.

[21:44] Salim (Mionzi): Lakini msinishangilie bado. Kuna watu wenye afya kabisa, wakipimwa wanatoa 80 au 90 na hawajawahi kuumwa hata siku moja. Ndiyo maana madaktari wanabishana kama ugonjwa huu upo. Wanaoukubali wanaanzia juu ya 80, wanauita haipakinesia. Namba peke yake haimfungi mtu. Namba, na maumivu ya mtindo ule, na mengine yote kuonekana safi, hapo ndipo pana mazungumzo. Omba uonane na daktari wa upasuaji.

[21:46] Shangazi Mwanaidi: Na daftari uende nalo.

[21:47] Kaka Idi: Tangu nizaliwe nasikia mambo "yametumbukia nyongo". Leo nyongo yenyewe ndiyo imetumbukia.

[21:48] Mama Zuhura: Leo nimecheka Idi, nitakusamehe.

*Jumanne, wiki tatu baadaye*

[20:10] Zuhura: Nimetoka kwa mpasuaji. Mama wa makamo, mkavu, hana maneno mengi. Kalisoma daftari ukurasa kwa ukurasa! Siku 41. Kaona kila penye nazi, jibini au kukaanga kuna mstari mwekundu.

[20:11] Shangazi Mwanaidi: 😌

[20:15] Zuhura: Kasema njia ni mbili. Niendelee kupunguza mafuta na dawa ya kulegeza misuli, au mfuko utolewe kwa matundu. Nikamuuliza, ukinitoa nitapona? Kasema: "Siwezi kukuahidi." Kwa mifuko mivivu kuna utafiti wa kutosha kubishania, kwa hii ya kukamua sana nyingi ni hesabu za watu waliokwisha kupasuliwa. Wengi wao walipata nafuu. Wapo waliobaki na maumivu yao na kovu juu yake.

[20:16] Mjomba Hamza: Daktari gani huyo hajui kama dawa yake inaponya?

[20:17] Salim (Mionzi): Huyo ndiye wa kumshika, Mjomba. Angesema asilimia mia ningemwambia Zuhura akimbie.

[20:19] Shangazi Mwanaidi: Hiyo dawa ya kulegeza, si Buscopan tu? Hapa duka lolote la dawa unaipata.

[20:20] Zuhura: Huku haiuzwi Shangazi, wana nyingine. Nimeitumia wiki tatu. Inanikausha mdomo kama Ramadhani saa kumi jioni, na maumivu yanapungua robo tu. Na mafuta nimeshapunguza mpaka nakula kama mgonjwa wa wodini.

[20:22] Mama Zuhura: Mie swali langu ni moja. Mtu ataishije bila nyongo?

[20:23] Salim (Mionzi): Nyongo haitolewi Mama, kinachotolewa ni ghala lake. Ini linaendelea kutengeneza, inadondoka yenyewe kwenye utumbo kidogo kidogo.

[20:24] Rukia Muscat: Mama mkubwa, ngamia hana mfuko wa nyongo kabisa. Hapa Oman muulize mchinjaji yeyote. Na anavuka jangwa.

[20:25] Kaka Idi: Punda naye hana. Njiwa hana. Zuhura karibu kwenye chama.

[20:27] Rukia Muscat: Nami nina mwaka wa sita sina. Mwezi wa kwanza ukila vya mafuta ujue choo kiko wapi. Baadaye mwili unazoea, wangu ulizoea.

[20:29] Shangazi Mwanaidi: Upasuaji ni upasuaji. Unaweza kutoka damu, unaweza kupata usaha, na ule mrija mkubwa wa nyongo ukijeruhiwa ni kesi nyingine kabisa, ingawa hutokea mara chache. Muulize amefanya wangapi.

[20:30] Zuhura: Nimemuuliza. Kasema aliacha kuhesabu baada ya 2,000.

[20:31] Mjomba Hamza: Hela je? Tuanzishe mchango?

[20:33] Zuhura: Bima italipa sehemu kubwa, ila kuna kiwango lazima nikimalize mwenyewe kwanza. Kwa dharura zile tatu nimeshakimaliza. Nikichelewa mpaka Januari kinaanza upya. Hilo nalo linanisukuma, nisiwadanganye.

[20:35] Mama Zuhura: Swali istikhara mwanangu. Utakaloamua tuko nyuma yako.

*Alhamisi*

[13:30] Zuhura: Naingia. Simu namwachia jirani.

[13:30] Mama Zuhura: Bismillah. Nipo juu ya msala.

[14:05] Mjomba Hamza: Bado?

[14:06] Salim (Mionzi): Mjomba, dakika 35 tu.

[16:50] Zuhura: Ni jirani ninaandika. Ametoka salama, anaongea ovyo, anaulizia mbaazi.

[16:50] Rukia Muscat: Alhamdulillah 😭

[22:17] Zuhura: Niko nyumbani.

[22:18] Mama Zuhura: Nyumbani?? Umepasuliwa leo! Wamekufukuza?

[22:20] Zuhura: Ndivyo wanavyofanya Mama. Matundu 4 madogo. Ila bega! Lile lile la kulia! Nimedhani wamenitoa kitu kingine.

[22:22] Shangazi Mwanaidi: Ni gesi, usiogope. Wanajaza tumbo kwa gesi wapate pa kufanyia kazi, inayobaki inagusa kiwambo cha pumzi na mshipa wake wa fahamu unaongea begani. Tembea chumbani taratibu, siku mbili tatu itaisha.

[22:23] Salim (Mionzi): Ndiyo njia hiyo hiyo nyongo yako ilikuwa inapigia simu bega.

*Jumatatu, wiki mbili baadaye*

[20:40] Zuhura: Maabara wamejibu. Mfuko ulikuwa na makovu ya uvimbe wa muda mrefu ukutani, yale yasiyoonekana kwenye utrasaundi. Mawe hakuna. Yule daktari wa "msongo" ametumiwa nakala.

[20:41] Kaka Idi: Amesemaje?

[20:41] Zuhura: Hajasema.

[20:43] Salim (Mionzi): Hayo makovu ya ukutani hukutwa kwa wengi waliotolewa mifuko, hata isiyo na mawe. Usiyachukue kama hukumu ya mahakama. Maumivu vipi?

[20:45] Zuhura: Siku 14 sijaamka usiku. Choo ndio kama alivyosema da Rukia, na kichefuchefu kinanitembelea asubuhi moja moja. Lakini ule mkono wa kukamua sijausikia.

*Jumamosi, wiki ya sita*

[20:02] Zuhura: Ukoo, nimepika wali wa nazi.

[20:02] Mama Zuhura: Zuhura!

[20:03] Shangazi Mwanaidi: Tui gani?

[20:03] Zuhura: Jepesi, Shangazi. La pili. Na samaki wa kuchoma, si wa kupaka. Nimekula nusu sahani saa sita kamili ya huku.

[20:04] Rukia Muscat: Saa hizi kwenu ni saa ngapi?

[20:04] Zuhura: Saa saba na dakika 4.

[20:05] Mjomba Hamza: Kwa hiyo ile saa yake imeshapita?

[20:05] Zuhura: Imepita. Nimekaa nimeshika ubavu kama nasubiri mgeni.

[20:31] Mama Zuhura: Kaja?

[20:33] Zuhura: Bado. Naosha vyombo.

[21:15] Mama Zuhura: Na sasa?

[21:19] Mama Zuhura: Zuhura?

[21:48] Zuhura: Samahani Mama, nilipitiwa na usingizi.